Maji Madogo Tu, Sheikh

Leo asubuhi utingo wa gari la Fuoni, hapa mjini Unguja, kijana ambaye sijapata kumuona na viatu tangu masika yaingie, ameniambia maneno ambayo nimeyasikia kwa watu wengi mno mwaka huu na ambayo sasa yanatosha peke yake kunipandisha presha: "Maji madogo tu, sheikh." Aliyasema akiwa amening'inia nyuma ya gari, mkono mmoja umeshika chuma na mwingine umeshika nauli zetu, ilhali mbele yetu njia nzima, kutoka baraza ya upande huu hadi baraza ya upande wa pili, ilikuwa maji matupu yenye rangi ya chai ya maziwa, na katikati yake ilielea ndoo nyekundu isiyokuwa na mwenyewe.

Mimi sina ugomvi na mvua. Mvua ni rehema, na masika yana miezi yake, Machi hadi Mei, ambayo hayajawahi kuificha kwa mtu. Wala sitaki kuwa mnyimi wa fadhila nikasema kwamba hakuna kilichofanywa, maana barabara kubwa zimepata lami mpya, nayo inateleza vizuri. Tatizo ni kwamba lami mpya hulazwa juu ya lami kongwe, na hiyo kongwe ililazwa juu ya kongwe zaidi, hata barabara imepanda na nyumba zimebaki chini, kwa hiyo maji ambayo zamani yalikuwa yakisumbua wapita njia siku hizi yanapiga hodi vyumbani. Jirani yangu amejenga kizingiti cha matofali mlangoni pake, kirefu kiasi kwamba mama mkwe wake hawezi kukivuka, na sina hakika ni lipi kati ya mambo hayo mawili lililomfurahisha zaidi.

Ya Mwanakwerekwe siyasemi. Kila aliyeishi mjini humu analijua lile ziwa, na anajua kwamba lilikuwapo kabla ya barabara, kwa hiyo katika kesi hiyo sisi ndio wavamizi. Kuhusu yule bwana wa Vespa aliyenipita kwa kasi pale kituoni, akanirushia maji kutoka kwenye ukingo wa kanzu hadi kwenye kofia, kisha akageuka na kunitolea salamu, nasema tu kwamba salamu niliijibu, kwa sababu kuijibu ni wajibu.

Sasa nirudi kwenye gari. Lilikuwa la mbao, katika yale machache yaliyosalia, lenye mabenchi yanayotazamana na madirisha ambayo kioo hakijawahi kuyajua. Tulipokaribia Michenzani foleni ilikuwa imekwisha kujifunga, na dereva, bila ya kushauriana na mtu, akakata kushoto akaingia njia ya ndani. Lazima nieleze kwamba dereva huyu ni bingwa wa njia hiyo wakati wa kiangazi. Mashimo yake yote anayajua, na mengine ameyapa majina ya madereva waliovunja springi humo. Lakini shimo la kiangazi ni shimo la wazi, unaliona nawe unajipangia, ilhali shimo la masika limejitandika maji juu na kulala kimya likikusubiri, na isitoshe wiki iliyopita vijana wa mtaa walimwaga kifusi katika mashimo yote makubwa, wakavuta kamba njiani kudai mchango, na mvua ya usiku mmoja ikakibeba kifusi chote ikakigawa upya kwa namna iliyoipendeza yenyewe. Dereva akaingia kwa kumbukumbu za kiangazi. Gurudumu la mbele likazama, gari likainama upande wangu, likakohoa mara moja, likanyamaza.

"Tumepanda mwamba," alisema mzee mmoja aliyekaa mkabala nami, ambaye tangu Fuoni alikuwa amekwisha kutufahamisha kwamba maisha yake yote alikuwa nahodha wa majahazi. "Asishuke mtu. Chombo kikipanda mwamba, abiria hutulia."

Tukatulia. Maji yakaanza kupenya baina ya mbao za sakafu, na bibi mmoja aliyebeba beseni la vitumbua akalinyanyua na kuliweka juu ya mapaja yake, kisha, alipoona hapamtoshi, akaliweka nusu juu ya mapaja yangu bila ya kuniomba ruhusa.

"Leo mwezi ngapi?" aliuliza nahodha.

"Ishirini na tisa," akajibu bibi wa vitumbua.

"Basi ni bamvua." Alilitamka neno hilo kwa kuridhika kabisa, akatueleza kwamba mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu bahari hujaa kupita kiasi, na kwamba katika siku hizo hapa Unguja hujaa kwenye saa kumi za alfajiri na kupwa kwenye saa nne za asubuhi. Mvua ilipopiga alfajiri, maji ya mjini yaliteremka kwenye mitaro ili yatoke, yakaikuta bahari imekwisha kufika kwenye midomo ya mitaro hiyo na mlango umefungwa, yakarudi kukaa na sisi. "Hakuna haja ya kusukuma," alisema. "Saa nne bahari itakuwa imekwenda zake, mtaro utafunguka wenyewe."

Nilimkumbusha kwa heshima zote kwamba mimi natakiwa kazini saa moja na nusu. Akaniuliza nani aliyepanga saa hiyo, na kama alikuwa ameangalia maji. Kisha akatusomesha kwamba pale Darajani palikuwa na mkono wa bahari uliotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, watu wakivuka kwa daraja, hata ulipofukiwa katika karne iliyopita, kukapitishwa barabara na kupandwa majani, "na maji hayakuulizwa rai yao." Ilikuwa darsa nzuri sana, na ningeifurahia kwa dhati barazani, nikiwa na kikombe cha kahawa na miguu mikavu.

Utingo akachagua wakati huo kuja kudai nauli kwa wale ambao hawajalipa. Bwana mmoja alimjibu kwamba nauli ni ya kufika Darajani. "Darajani si pale, sheikh? Unapaona," alisema utingo akinyoosha kidole. Yule bwana akamwambia kwamba hata mwezi anauona, na hakuna aliyewahi kumtoza nauli ya kufika huko.

Ndipo akatokea hamali. Alikuja akilisukuma gari lake la mkono taratibu, maji yakimfika chini kidogo ya goti, na uso wake ulikuwa na utulivu wa mtu ambaye riziki yake imeongezeka. Bei yake ilikuwa shilingi 1,000 kwa kichwa hadi kwenye lami kavu. Nikamwambia ni ghali. Akaniambia kwamba gunia la mchele hulipa kiasi hicho hicho, na gunia halimsumbui kwa maneno. Nikakubali, nikapanda na mkoba wangu, naye akaunyooshea kidole mkoba.

"Huo ni shilingi 500."

"Mkoba naubeba mwenyewe mkononi."

"Na wewe nani anakubeba, ami? Uzito wake unafika kwangu vilevile."

Sikuwa na jibu, kwa sababu hesabu yake ilikuwa sahihi. Bibi wa vitumbua akaja nyuma yangu, akapanda bila ya kutaja bei, akamtazama hamali na kumuuliza kama yeye si mtoto wa fulani wa Kikwajuni, hamali akainamisha kichwa akasema ni yeye, na mambo ya nauli yakaishia hapo. Akapewa na kitumbua. Mimi niliyelipa 1,500 sikupewa.

Basi tukaondoka. Ninaomba msomaji anione: mtu mzima, karani wa miaka mingi, nimesimama juu ya gari la hamali ambalo kwa ushahidi wa harufu lilikuwa limetoka kupakua dagaa, mkono mmoja umepandisha kanzu na mwingine umekumbatia mkoba, nikipita mbele ya baraza zilizojaa watu waliokuwa wamekosa mahali pa kwenda na hivyo walikuwa na muda wa kunitazama. Mtoto mmoja wa skuli alinipungia mkono. Nilimjibu kwa kichwa, kwa sababu mikono yote ilikuwa kazini.

Tulifika katikati, na hapo gurudumu la kulia likaingia shimoni. Hamali akasukuma, halikutoka. Akavuta, halikutoka. Akajifuta uso, akanigeukia kwa upole mkubwa na kusema, "Ami, shuka kidogo lipate wepesi."

"Nishuke wapi?"

"Hapo tu. Maji madogo."

Nilimtazama bibi wa vitumbua. Yeye alikuwa anatazama upande wa pili, amelikumbatia beseni lake, na ilidhihirika kwamba suala la kushuka halimhusu. Nikashuka. Maji yakanifika magotini, yakiwa na ubaridi na vitu vingine ambavyo sikutaka kuvichunguza. Gari likachomoka, hamali akashika mwendo, na nikaifuata safari yangu niliyoilipia, nikitembea kwa miguu nyuma ya mkoba wangu ambao ulikuwa umekaa mkavu kabisa kando ya vitumbua. Tulipofika kwenye lami tulimkuta nahodha amekwisha kuwasili. Yule aliyetukataza kushuka alikuwa amekunja msuli wake, ile shuka ya kiunoni, akapita pembeni kwenye vibaraza anavyovijua yeye, na sasa alikuwa anakunywa kahawa. Akanishauri kwamba jioni nisirudi saa kumi, kwani bahari itakuwa imejaa tena, bali nisubiri hadi baada ya Isha.

Hebu mtu anieleze, maji haya ni ya nani? Ukimwendea sheha, mkubwa wa shehia yetu, atakwambia mtaro si wake. Wenye mtaro watakwambia taka zilizouziba si zao. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku hapa Zanzibar tangu 2006, lakini chupa za maji na makumbi ya madafu hayakutajwa, nayo yamechukua nafasi iliyoachwa wazi kwa bidii kubwa. Wenye taka watakwambia barabara imepandishwa mno, wenye barabara watakwambia fulani amejenga juu ya njia ya maji, na fulani atatoa hati yenye mihuri yote. Kila mmoja ana hoja, na ukiwasikiliza wote utatoka umeridhika kabisa kwamba mwenye makosa ni wewe uliyetoka nyumbani. Nimechoka. Sitaki daraja, sitaki barabara ya juu. Nataka mtaro mmoja uliozibuliwa kabla ya mvua badala ya baada yake, na shimo moja lililofukiwa kwa kitu ambacho hakielei.

Kazini nilifika saa tatu kasorobo. Mkuu wangu, ambaye anakaa Shangani na huja kwa miguu kwa dakika chache chini ya mwavuli, alinisogezea kitabu cha mahudhurio, chenye sehemu ya sababu ya kuchelewa yenye upana wa vidole viwili. Niliandika "bamvua," akaniuliza bamvua ina uhusiano gani na ukarani.

Viatu nimevipeleka kwa fundi wa pale kona, maana soli za vyote viwili zimeachana na ngozi na haziko tayari kusuluhishwa. Fundi ana rundo la viatu vya watu wenye masaibu kama yangu, na masika kwake ni msimu, kama ilivyo karafuu kwa ndugu zetu wa Pemba. Cha kulia amekigandisha na kukishona papo hapo. Cha kushoto amesema nikifuate kesho asubuhi mapema, inshaallah, kama mvua haitanyesha, kwa sababu na yeye anakaa Fuoni.