Tundu la kinyonga la Malindi halihitaji taa

Mwezi wa Februari mpwa wangu, anayefuga wanyama watambaao kwa kibali hapa Malindi, alinijia na orodha ya vitu vya kununua ili tumjengee kinyonga wake makao mapya: sanduku la kioo, taa ya joto, taa ya miale ya urujuanimno na kipimajoto. Aliitoa kwenye intaneti, imeandikwa na mfugaji wa Uingereza. Orodha yenyewe haikuwa na kosa kwa mtu anayepambana na baridi miezi mingi ya mwaka. Sisi tunapambana na joto na chumvi ya bahari, na kwa maoni yangu anayejenga tundu huku pwani kwa kufuata maelezo ya Ulaya anamjengea mnyama wake tanuri.

Tulianza na kioo hata hivyo, kwa sababu kabati kuukuu la vyombo lilikuwepo na halikutugharimu kitu. Saa nne asubuhi tulimweka ndani na kulisogeza kabati juani; kabla ya adhuhuri kinyonga alikuwa ameachama kinywa, na ule ukijani wake wa majani ya mpera umepauka. Watu wengi huamini kwamba kinyonga hugeuza rangi ili ajifiche tu, ilhali mara nyingi ngozi yake hueleza joto, hofu au hasira. Tulimtoa mbio. Kioo huzuia sehemu kubwa ya miale ambayo mwili wake huihitaji ili kutengeneza vitamini D na kuitumia kalsiamu kwa mifupa, lakini joto hulifungia ndani, kwa hiyo mnyama hupata adha ya jua bila faida yake. Tena kinyonga ni mnyama wa kuishi peke yake, na akiona sura yake kwenye kioo huidhania kuwa ya mpinzani.

Tundu tulilojenga baadaye lina kimo cha sentimita 120 na upana wa 60, kwa kuwa kinyonga anapojihisi hatarini hupanda juu, wala hana haja ya uwanja wa kukimbilia. Nguzo zake ni mapau ya mikoko yaliyobaki tulipoezeka banda. Kwenye wavu ndipo tulipobishana sana. Waya wa kawaida wa kuku, kwa upepo wetu wa chumvi, huota kutu upesi, na ncha zake zikikatika humchana mnyama miguu. Chandarua cha plastiki nacho panzi wa kumlisha hukitafuna na kutoka. Tuliafikiana kununua waya uliovikwa plastiki, wenye jicho la nusu inchi. Ndani tuliweka matawi ya mpera yenye unene tofauti, pamoja na magome yake, kwa sababu vidole vyake vitano, viwili upande mmoja na vitatu upande wa pili, hushika kama koleo na huteleza kwenye mbao iliyopigwa randa.

Kikombe cha maji alichowekewa hakukigusa. Kinyonga hunywa matone yaliyo juu ya majani, basi nilitoboa chupa ya plastiki kwa sindano iliyopashwa moto, nikaining'iniza juu ya tundu ili maji yadondoke polepole. Jicho moja lilinikazia mimi huku la pili likifuata tone linavyoteleza kwenye jani, kisha akasogea kwa ule mwendo wake wa kusitasita akanywa kwa muda mrefu.

Kitu ambacho orodha ya Uingereza haikukitaja kabisa ni wadudu wale chungu. Miguu ya tundu tumeisimamisha ndani ya makopo ya maji, kama bibi zetu walivyofanya kwa makabati ya chakula, na kila siku mbili tunayabadilisha maji hayo ili yasizae mbu. Kinyonga jike huhitaji pia ndoo ya mchanga wenye unyevu, aufukue atage mayai.

Hayo yote yanamhusu mwenye kibali. Watoto wa mtaani kwetu huokota vinyonga kwenye nyua za michongoma, na wazazi huwaachia wakidhani ni mchezo, ilhali sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu kumweka mnyama wa porini nyumbani bila idhini. Binafsi naona wa uani aachwe uani, ambako jua, kivuli na umande anavipata bila fundi.

Tundu sasa liko chini ya mwembe, upande unaopata jua la asubuhi hadi saa nne. Jirani yetu, bi mkubwa mmoja, hupita kwa mbali akisoma dua. Katika orodha nzima nilikubali kinunuliwe kipimajoto tu, nacho tumekifunga kwenye tawi la juu kabisa. Kikipita nyuzi 32 mpwa wangu hutandika kuti juu ya tundu.