Kabla ya kuita kenta, kalale kwanza na mkeka

Nimehama mara saba nikiwa mpangaji. Najua kufunga vyombo kwa magazeti, najua kuomba maboksi kwa Mangi wa duka wiki mbili kabla, najua shangazi kaja ngapi zinatosha nguo za watu wanne. Kwa hiyo tulipokabidhiwa funguo za nyumba yetu ya kwanza kule Moshono, hapa Arusha, Novemba iliyopita, nilijiona mtaalamu. Nikaita kenta ya mizigo na vijana watatu wa kubeba, nikamwambia mke wangu, Mama Glory, tutatoka Sakina asubuhi na mapema, na ikifika saa nne tutakuwa tunakunywa chai kwetu.

Chai tulikunywa saa tatu usiku, tena kwa jirani.

Kosa langu ni kwamba nilijiandaa kama mpangaji. Mpangaji anaandaa mizigo, basi. Nyumba ina mwenyewe. Bomba likivuja unampigia, atanuna, atakuzungusha siku mbili, lakini mwisho fundi anakuja. Siku ile nilipofungua geti nikakuta maji yanamwagika kutoka juu ya simtanki kwa sababu boya limekatika, mkono uliingia mfukoni kutafuta simu kabla akili haijanikumbusha kuwa mwenye nyumba ni mimi.

Ndiyo maana siku hizi rafiki akiniambia amenunua nyumba, namwambia asihamishe hata kijiko kabla hajalala humo usiku mmoja. Chukua mkeka, blanketi zito (hapa ni Arusha, siyo Dar), ndoo, tochi na sufuria moja. Nenda siku ya kazi, siyo Jumapili ile ya kuonyesha ndugu vyumba. Pika. Oga. Vuta maji ya choo mara tano mfululizo usikie shimo linasemaje. Kisha lala, na ukiamka uandike yote yaliyokukera.

Ningelala hivyo, ningejua habari ya umeme mapema. Nyumba ilikaa tupu miezi kumi. Kodi ya jengo sasa inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa, na mwezi usiponunua umeme lile deni halifutiki, linakusubiri. Jioni ile nikanunua umeme wa 20,000. Zikakatwa 15,000 za miezi ambayo hata sikujua hiyo nyumba ipo, zikabaki 5,000. Uniti kumi na nne. Mama Glory alisoma ujumbe mara mbili, akaniuliza taratibu, "Baba Glory, hizi nyingine umemtumia nani?"

Sina ugomvi na kodi. Ila hilo ni jambo la kumalizana na muuzaji wakati bado anakuita ndugu yangu, kabla hela haijaingia kwake. Namba ya mita unayo. Nunua umeme, utaona kinachokatwa.

Vitasa badilisha vyote, hata vile vizuri. Hujui fundi rangi wa mwaka juzi alibaki na funguo ngapi.

Maji sasa. Hapa naomba mnivumilie. Miaka yote ya kupanga swali langu lilikuwa moja, maji yapo? Dalali anajibu yapo masaa ishirini na nne, mnacheka, mnahama. Moshono nilikuta bomba la mamlaka ya maji linalotoa maji kwa zamu na kisima cha kuchimba cha muuzaji, alichojivunia kuliko hata paa. Lakini sisi wa huku tunaijua floraidi, madini yanayoharibu meno yakizidi kwenye maji. Inatoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru, inaingia kwenye maji ya chini, na matokeo yake tunayaona kwenye meno ya kahawia ya watu tuliosoma nao. Huwezi kuionja. Kuchemsha hakuiondoi, maji yanapungua, yenyewe inabaki. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na hilo jicho haliwezi kulipima.

Glory ana miaka minne. Meno yake ya ukubwani yanajijenga sasa hivi ndani ya ufizi. Nyumba ingekuwa ya kupanga ningesema tuvumilie, mwakani tunahama. Hii tumeinunua. Tukajaza chupa, tukapeleka maabara, na majibu yalipotoka kisima kikaachiwa kazi ya kufua na kumwagilia migomba. Ya kunywa na kupikia tunakinga ya bomba siku ya zamu. Nilianza pia kueleza habari za kituo cha Ngurdoto wanakochuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, lakini mama mkwe aliposikia mifupa alinyanyuka akaenda kuangalia ugali.

Na huko mtaani, jitambulishe mapema. Mimi nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa siku tatu baada ya kuhamia, akanipokea vizuri lakini akaniambia, "Tulishaulizana, huyu mgeni anashusha vitu usiku ni nani?" Haki yao kabisa. Kenta ilikwama kona ya mwisho kwa sababu ya tope la vuli, tukabeba vitu kwa mkono mpaka giza likaingia. Mtu anayeingiza friji gizani, huku mwenzake akimmulika na simu, lazima aulizwe. Mzee jirani ndiye aliyetuokoa. Alitoka na koti lake la baridi, akatazama godoro lililolowa upande mmoja, akasema, "Kijana, acheni kwanza. Njooni mnywe chai na mtoto ale." Hatukuwa tumeonana kabla ya hapo. Ningekwenda kulala na mkeka wangu wiki moja kabla, ningemkuta getini asubuhi, ningemsalimia shikamoo yangu na kumwomba anionyeshe njia ya juu isiyotuamisha maji. Njia hiyo ipo. Nimeijua sasa.

Jambo la mwisho ni futi kamba. Pima mlango pamoja na grili yake. Kochi letu la kona, tulilolipia kwa miezi minane kwa fundi wa Kijenge, lilifika mlangoni likagoma. Vijana wakaligeuza, wakalisimamisha, wakalilaza. Mkubwa wao akafuta jasho. "Bosi, hili halipiti. Labda tukate nyumba."

Kochi bado liko barazani, limefunikwa turubai, na paka wa jirani amezalia humo. Fundi grili ameahidi kuja Jumamosi. Hakusema Jumamosi ipi.