Pointi ya Meli Iliyozama ni ya Nani?

Ukiwasikiliza wanaotaka kuuza safari za kuzamia mabaki ya meli kutoka Mikindani au Lindi, malalamiko yao huanza na bei ya mafuta na uhaba wa mitungi, kisha huishia kwa mvuvi. Wanasema mvuvi anajua chuma cha meli kilipo, yaani pointi yake, na hataki kusema. Anaulizwa kwa adabu, ananunuliwa soda, anaahidiwa fulana, na bado anaonyesha kidole upande ambao hakuna kitu. Basi anaitwa mchoyo, au mtu wa kale asiyeijua fursa. Maneno haya yamezoeleka sana, na upande wa pili haupati anayeusemea. Mimi naona mvuvi ana hoja nzito kuliko anavyohesabiwa.

Kwanza safari zenyewe. Huu si utalii wa kuvaa miwani na kutazama samaki wa rangi pale Msimbati. Mzamiaji wa burudani mwisho wake ni mita 40. Hawa wanashuka mita 50, 60 na zaidi, ambako shinikizo ni mara sita au saba ya huku juu na hewa ya kawaida humlevya mtu akasahau alichoshika mkononi. Ndiyo maana huchanganya heliamu kwenye mitungi yao. Dakika 25 katika kina cha mita 60 zinaweza kumgharimu zaidi ya saa nzima ya kupanda, akisimama kituo hadi kituo ili naitrojeni na heliamu zimtoke taratibu. Muda wote huo boti haiwezi kumwacha. Inafuata boya linalochukuliwa na mkondo, na mkondo wa huku haufanyiwi mzaha: maji ya bahari kuu yanayotoka mashariki huipiga pwani karibu na mpaka wetu na Msumbiji, yakagawanyika, na tawi moja likapanda kaskazini mbele ya Mtwara na Lindi. Kusi likikaza, hakuna nahodha mwenye akili timamu atakayeikubali kazi hiyo. Msimu ni mfupi, na siku inayopotea kwa kutafuta hairudi. Hapo ndipo pointi ya mvuvi inapogeuka dhahabu.

Wanaozitaka safari hizi wana haki yao pia. Bahari hii ilikuwa uwanja wa vita. Oktoba 1914, manowari ya Waingereza Chatham iliikuta Lindi meli ya Kijerumani Präsident, iliyojitia kuwa hospitali. Karatasi zilizokamatwa ndani yake zilionyesha kwamba ilikuwa ikiipelekea makaa Königsberg, manowari iliyokuwa imejificha delta ya Rufiji. Mwaka uliofuata, tarehe 11 Julai 1915, Königsberg ikazamishwa na mabaharia wake wenyewe, mizinga yake ikatolewa ikatumika vitani nchi kavu. Mwaka 1942 nyambizi za Kijapani zilizamisha meli zaidi ya 20 katika mlango wa Msumbiji, jirani kabisa na sisi. Mtoto wa Mtwara anaijua bandari yake kwa mpango wa karanga wa Waingereza, lakini haya hayajui. Mzamiaji anayeshuka na kamera, asiguse kitu, akarudi na picha, anaweza kutupa sehemu ya historia ambayo hakuna mwingine atakayetuletea.

Kuna na pesa, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu watetezi wenyewe wanalitaja jambo hili juu juu. Mtu aliyezamia kina cha namna hiyo hapandi ndege siku hiyohiyo. Shinikizo ndani ya ndege ni dogo kuliko la ardhini, na gesi iliyobaki mwilini inaweza kufanya mapovu. Baada ya mizamio ya vituo, busara ni kungoja saa 24 kamili. Maana yake kila mgeni wa aina hii, apende asipende, anakaa nchi kavu siku nzima bila kuzamia. Atalala, atakula, atakodi bodaboda, atatembezwa Boma la Mikindani au atavuka kwenda Msangamkuu. Watalii wengine ni lazima uwabembeleze ili waongeze siku, wakati huyu analazimishwa na mwili wake. Kikundi cha watu wanane ni vitanda vinane na milo ishirini na kitu ambayo haikuhitaji tangazo lolote. Kwa miji ambayo wageni wengi huipita wakielekea kwingine, hilo si jambo dogo, na yeyote anayezipinga safari hizi moja kwa moja inabidi alijibu.

Sasa tumrudie mvuvi. Alama ya mahali pa chuma haipatikani kwa bahati ya siku moja. Jarife, wavu wa samaki wakubwa, linakwama, linachanika, na linapovutwa nyuzi zake zimeshika kutu. Ndivyo anavyojua kwamba pale chini si mwamba. Kisha anatazama nchi kavu: mnazi gani umelala juu ya paa gani, kilima gani kimeingia nyuma ya rasi gani. Mistari miwili ikikutana, amepata. Atarudi na mshipi, atapoteza chubwi mbili tatu, vile vizito vya mshipi, na akivumilia atatoka na chewa, kwa sababu chewa hupenda mahali penye matundu. Hapo haendi siku zote. Anapaweka akiba kwa siku ambazo kwingine kumekauka na nyumbani kuna mtoto anayedaiwa daftari. Alama hiyo imemgharimu nyavu na miaka, na mara nyingi ameirithi kwa baba aliyeigharamia kabla yake.

Mazungumzo na dalali wa boti huwa ya namna hii:

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mjukuu wangu.”

“Babu, kule nyavu zinakokwama, ni upande wa Sudi?”

“Nyavu hukwama kote, mjukuu wangu.”

Dalali anaondoka akisema mzee ni mkorofi. Mimi nasema mzee amejibu kama mfanyabiashara anayejua bei ya bidhaa yake kuliko mnunuzi anavyodhani. Mkulima wa Newala haambiwi atoe korosho zake bure kwa sababu mgeni ana hamu ya kuzionja, na hakuna anayemwita mchoyo akitaka zipimwe kwanza.

Watetezi wa safari wanasahau kitu kimoja kuhusu pointi: ikishatajwa, imetajwa. Alama ya zamani ya mnazi na paa ilikuwa na ulinzi wake, kwani aliyeisikia ilibidi ajue mnazi upi. Namba za jipiesi (GPS) hazina ulinzi huo. Mzamiaji anaziweka kwenye kifaa chake, anamtumia mwenzake, mwenzake anazipachika kwenye ramani ya intaneti, na kabla kaskazi halijaisha wapo wengine wanaokwenda palepale bila kamera. Atakuja mwenye jarife refu kuliko la mzee. Atakuja mtu wa baruti, na pwani hii inamfahamu vizuri: anatafuta samaki waliokusanyika, na chuma ndiyo kazi yake, kuwakusanya samaki. Lipuko moja humaliza akiba ya miaka. Atakuja pia mtafuta vyuma chakavu na shaba, ambaye haoni meli wala historia, anaona kilo. Mzamiaji mstaarabu anaweza kuapa kwamba hakugusa kitu, na akawa mkweli kabisa. Ila njia ameifungua yeye, na yeye hayupo tena. Anayebaki na shimo lisilo na chewa ni yule babu.

Na wala huu si ushamba wa kwetu. Mwaka 1991 nahodha wa boti ya kukodi ya wazamiaji huko New Jersey, Marekani, aliipata nyambizi ya Kijerumani kwenye mita 70 hivi, meli ambayo haikuwa kwenye kumbukumbu yoyote ya eneo lile. Pointi alipewa na nahodha wa boti ya uvuvi, kwa kubadilishana: yeye naye alitoa pointi zake. Baada ya hapo wazamiaji wa boti yake waliificha namba kwa wivu mkubwa ili boti shindani zisiwatangulie. Ilichukua mpaka 1997 kuitambua kuwa U-869, na katika miaka hiyo wazamiaji watatu walifia pale. Kwa hiyo wenye biashara hii duniani wanaijua kanuni vizuri: pointi hulipiwa, na pointi hufichwa. Wakija Sudi, kanuni inageuka kuwa uchoyo wa wenyeji.

Tena fikiria kusini inauza nini hasa. Zanzibar ina Pegasus, manowari ya Waingereza iliyozamishwa na Königsberg tarehe 20 Septemba 1914. Ina hoteli, na ina chemba ya shinikizo ya kumtibu aliyepatwa na mapovu. Mtwara haiwezi kushindana kwa vitanda. Inachoweza kuuza ni meli ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Siku namba zitakapoanikwa kwa kila mtu, hata mwenye boti aliyekuwa akimlalamikia mvuvi atakuwa hana bidhaa.

Sheria nayo haimsaidii mtu sana. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inavilinda moja kwa moja vitu vya kabla ya 1863. Meli ya vita vya 1914 iko nje ya mstari huo mpaka Waziri aitangaze. Mkataba wa UNESCO wa 2001 unalinda kilichokaa miaka 100 chini ya maji, unataka mabaki yaachwe yalipo kwanza, unakataza biashara ya vitu vyake, na wakati huohuo unahimiza watu waruhusiwe kuyatembelea bila kuyaharibu. Ni msimamo mzuri. Lakini kuhusu aliyeijua meli hiyo kabla ya wote, hautaji malipo yoyote.

Huwezi kuuelewa ukimya huu bila kukumbuka kilichotangulia. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilitangazwa mwaka 2000, kilomita za mraba 650 hivi, na wavuvi wakaambiwa wapi waingie na kwa nyavu gani. Sina ugomvi na hifadhi. Matumbawe yale yanastahili kulindwa. Kisha ikaja gesi, na mwaka 2013 Mtwara ikawaka moto kwa swali la nani anafaidika na nini. Mtu aliyeyapitia yote mawili akiulizwa na mgeni “kuna nini kule chini?”, usishangae akikohoa kwanza.

Udhaifu wa upande huu upo. Meli si ya mvuvi; ina mwenyewe, na kama watu walifia humo ni kaburi. Wazee wanakufa na alama zao, na vijana waliozaliwa na simu mkononi wanaweza kuziuza kwa bei ya vocha. Ukimya ukidumu sana unageuka hasara kwa kila mtu. Na usalama ni swali ambalo hata malipo hayalitibu: aliyeumia mita 60 mbele ya Lindi anaihitaji ile chemba ya Zanzibar, na ndege ya kumfikisha ni lazima iruke chini sana au iwe na shinikizo la ardhini. Mwenye boti asiye na mpango huo ulioandikwa, na asiyebeba oksijeni ya kutosha, asipewe pointi hata akilipa mara kumi.

Ila kwa mwenye mpango huo, njia si ngumu. Namba zibaki kwa nahodha mwenyeji, vifaa vya wageni vifungiwe kabla ya kung’oa nanga, na malipo yawe kwa kila safari badala ya soda ya mara moja, fungu la mwenye alama likitenganishwa na la kikundi cha ulinzi wa bahari cha kijiji. Wenye boti wanasema hilo litapandisha bei. Litapandisha, kidogo sana ukilinganisha na heliamu, ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuomba apewe bure. Kinachonipa shaka mimi ni kingine: alama nyingi zinajulikana na watu wa vijiji viwili au vitatu, baba zao walivua pamoja, na sijasikia bado nani atatia saini kwa niaba ya wote.