Bila taa ya mkia, treni haijafika

Mwaka juzi nilimrushia baba mdogo video ya dakika moja kwenye WhatsApp. Ni gadi mstaafu, amemalizia utumishi wake kwenye treni za mizigo kati ya Tabora na Kigoma, na sasa anafuga kuku Korogwe. Kwenye video, treni ndogo ya kuchezea ya mabehewa kumi na manne inakatiza shamba la ngano. Ngano ile niliipanda mwenyewe, bua moja moja kwa kibano, majira mazima ya baridi. Nikakaa kusubiri sifa.

Jibu lilikuja kwa sauti. "Marahaba, mwanangu. Nimeona, pazuri. Lakini behewa lako la mwisho halina taa ya mkia. Huyo wa stesheni ya mbele atajuaje kwamba treni imeingia nzima?"

Ngano hakuigusa hata kwa neno moja.

Kwa asiyejua mambo haya: kwenye njia moja, treni mbili hupishana stesheni tu. Kiungio kikikatika porini, injini inaweza kuingia stesheni na nusu ya mabehewa huku nusu nyingine imelala njiani. Mtu akiruhusu treni inayofuata bila kujua, ameituma ikayavae. Ndiyo maana mtu wa stesheni hajali sana kichwa cha treni, anatazama mkia. Akiiona taa, treni imetimia. Asipoiona, hakuna anayesogea.

Kilichonichekesha ni kwamba siku ile ile, kwenye ukumbi ule ule nilioipigia video, mzee mmoja wa Kijerumani alikuwa ameshanishika bega na kuniambia maneno hayo hayo. Naye hajafanya kazi ya reli hata siku moja. Ni mfamasia.

Mimi ni muuguzi, naishi Ujerumani, na wikiendi tatu nne kwa mwaka najifungia kwenye ukumbi wa michezo wa mji fulani mdogo pamoja na watu wazima wanaounganisha reli za kuchezea. Kila mmoja anakuja na vipande vyake nyuma ya gari. Wengi tunafuata utaratibu wa FREMO, jumuiya ya wapenzi wa reli za mfano iliyoanzishwa Ujerumani mwaka 1981 na sasa ina watu kila pembe ya Ulaya. Kipimo kinachotumika zaidi ni 1:87, yaani reli ya upana wa milimita 1,435 inashuka hadi milimita 16.5. Kipande kinaitwa moduli: sanduku la plywood lenye miguu, juu yake reli, kokoto, nyasi, nyumba, chochote ulichokipenda. Ndani ya sanduku lako wewe ni sultani. Mwishoni, pale linapokutana na la mwenzako, huna uhuru hata chembe. Ubao wa mwisho una umbo lililokubaliwa, matundu ya bolti yako mahali palipokubaliwa, na uso wa reli uko milimita 1,300 kutoka sakafuni. Mdachi na Mdenmaki ambao hawajawahi kuonana wanaingiza bolti, wanakaza, treni inapita.

Moduli yangu ya kwanza haikupitisha kitu. Nilinunua ubao wa bei poa, ukanywa unyevu wa stoo, ukapinda kama milimita moja na nusu. Kwa magurudumu ambayo ukingo wake haufiki hata milimita moja, huo ni mlima. Treni ya kwanza kufika kwangu ililala ubavu, na waliosimama karibu wakaanza kuzungumzia hali ya hewa, kwa adabu tu.

Sasa nije kwenye ninachotaka kusema. Ukikaa na wapenzi wa reli ndogo, neno linalorudi kila dakika ni uhalisia, na karibu kila mara wanamaanisha kutu. Kutu kwenye behewa, masizi kwenye paa la injini, idadi ya misumari kwenye mlango. Sina ugomvi na kutu, nami napaka. Ila treni yenye kutu nzuri inayozunguka bila sababu ni mwanasesere aliyevaa vizuri. Kule Hamburg kuna Miniatur Wunderland, iliyofunguliwa 2001, na nimewapeleka watoto mara mbili. Ukumbi ule unashangaza, kompyuta inaendesha treni hazigongani, na watoto hawataki kutoka. Saa moja haijaisha mimi nilikuwa najiuliza: lile behewa limebeba nini, na nani analisubiri? Hakuna. Litapita tena baada ya dakika chache, halafu tena.

Stesheni yangu ni ya kubuni, ya Ujerumani ya mwaka 1960 hivi, ina njia moja ya kupishania na njia ya pembeni inayoingia kiwanda cha kamba. Kiwanda hicho sikukiweka kwa bahati mbaya. Katani ililetwa Afrika Mashariki mwaka 1893 na Mjerumani, Richard Hindorf, na kufikia miaka ya mwanzo ya 1960 Tanganyika ndiyo iliyokuwa inaongoza duniani kwa kuizalisha. Babu yangu aliikata huko Muheza kwa mfumo wa kipande, ile kadi ya siku thelathini. Siku ikitimia inatiwa alama, isipotimia haihesabiki. Kadi ndiyo iliyosema kama umefanya kazi, si mgongo wako.

Kwenye mikutano yetu kila behewa nalo lina kadi yake. Kadi ina mfuko, na ndani ya mfuko kuna hati ya mzigo: linatoka wapi, linakwenda wapi, limebeba nini, nani mpokeaji. Mzigo ukifika, hati inageuzwa. Hati niliyoandika mimi inasema: kutoka bandari ya Hamburg, robota za katani, asili Tanga, mpokeaji kiwanda cha kamba. Behewa lenyewe ni la plastiki, urefu sentimita kumi na moja, milango haifunguki, ndani hamna kitu. Lakini tangu lilipopata karatasi, hakuna anayelitazama kama zamani. Dereva akifika nalo ananiuliza aliache wapi. Njia ya pembeni imejaa mabehewa mawili matupu, lazima kwanza ayatoe. Akiyatoa ayaweke wapi? Njia ya kupishania inahitajika, treni ya abiria iko nyuma yake dakika nane. Basi tunasimama pale, dereva huyo, ambaye ni mwalimu wa hisabati, na mimi, tunakuna vichwa juu ya behewa tupu. Hapo ndipo penye uhalisia. Macho yangekuwa yamefungwa, bado ungeusikia.

Umbali nao una mambo yake. Dar hadi Kigoma ni kilomita 1,250 hivi. Gawa kwa 87, zinabaki kilomita kumi na nne na ushei, karibu Posta mpaka Kimara. Hakuna ukumbi wa namna hiyo, kwa hiyo umbali tunaufupisha na saa tunaiongezea mwendo. Saa ya ukutani mkutanoni hukimbia mara nne au zaidi, na ratiba yote imeandikwa kwa saa hiyo. Mwendo wa treni lakini hauongezwi. Kilomita 60 kwa saa kwa kipimo chetu ni sentimita 19 kwa sekunde, pungufu ya mwendo wa mtu anayetembea akiwaza madeni. Mgeni akishika kidhibiti kwa mara ya kwanza huikimbiza mara tatu ya hapo. Msimamizi hasemi kitu, anamwonyesha saa tu.

Na simu. Stesheni zetu zina simu, za waya kabisa. Kabla sijatuma treni nampigia wa mbele: "Treni 3417 inapokelewa?" Naye hujibu: "3417, ndiyo." Anaandika kwenye daftari, naandika kwenye langu. Mara moja nilijibu ndiyo huku nimekwisha kuiachia treni yangu kwenye kipande hicho hicho cha njia. Nilikuwa nakula mkate. Injini mbili zikatazamana katikati ya ngano yangu, sentimita thelathini hivi kati yao. Mtu wa kupiga kelele hakuwepo, ingekuwa nafuu. Msimamizi wa njia alikuja na karatasi na kalamu, akaniomba niandike nilichofanya, saa ngapi, na nani alinipigia. Baba mdogo nilipomsimulia alisema kwa utulivu: "Huko kwetu ungekuwa nyumbani unasubiri barua."

Wapo wanaoona hii ni kazi, si mchezo. Mke wangu ni mmojawapo, na ana hoja: natoka zamu ya usiku nakwenda kujaza daftari lingine bila mshahara. Lakini manung'uniko yangu mimi yako upande wa pili. Kuna watu wanakuja na injini ishirini kwenye masanduku yenye sponji, kila moja ina bei ya kodi ya nyumba, na wote wanataka kuendesha. Kazi ya stesheni haina wagombea. Ukiomba mtu akae mezani na simu saa mbili, ghafla kila mmoja ana kiu. Ningekuwa na sauti, mgeni yeyote angeanzia stesheni, nusu siku pembeni ya mzoefu, kabla hajapewa kidhibiti. Aliyewahi kusubiri treni iliyochelewa huendesha tofauti kabisa.

Ndoto ninayo. Ni moduli ya kwetu, kwenye reli nyembamba. Hapo sayansi ya vipimo inaleta kichekesho: reli ya kati ya zamani ni ya upana wa mita moja, TAZARA ni milimita 1,067, na kwa tofauti hiyo ya milimita 67 ikabidi pale Kidatu pawekwe stesheni ya kushusha mizigo na kuipakia upya. Kwa kipimo cha 1:87 tofauti nzima haifiki milimita moja. Wote tunatumia reli ile ile ya milimita 12, na Kidatu inakosa kazi. Nikijenga, nitaiweka hivyo hivyo, kwa makusudi: njia mbili zisizoungana, jukwaa katikati, na watu wahamishe mzigo kwa karatasi. Najua wenzangu watalalamika kwamba ninapoteza muda wao.

Mkutano uliopita behewa la katani liliondoka bandarini Ijumaa. Jumamosi nilipiga simu mbele, likawa halijapita. Jumapili asubuhi nikapiga tena, nikaambiwa liko stesheni mbili kutoka kwangu, limezibwa na mabehewa ya makaa ya mawe. Saa sita tukazima umeme, bolti zikaanza kufunguliwa. Nililifuata, nikalitoa nyuma ya makaa pamoja na kadi yake. Hati sikuigeuza.

Jioni nikampigia baba mdogo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mzigo umefika?"

"Bado. Uko njiani."

"Mkiani mliweka taa?"

"Iko."

"Haya," akasema, akaanza kunieleza bei ya chakula cha kuku.