Gawio la mwaka mmoja halikwambii kitu

Jamani, kuna tabia naiona sana huku Kigoma siku hizi na inaniumiza. Mtu akisikia kampuni fulani imetangaza gawio nono, yani ile sehemu ya faida wanayogawiwa wenye hisa, basi anakimbilia simu, anafungua Hisa Kiganjani, ile app ya Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE), ananunua. Ukimuuliza mwaka juzi walitoa ngapi, hajui, na ile miaka ya dhiki ndo kabisa.

Chukua benki ya CRDB. Gawio la 2021 lilikuwa shilingi 36 kwa hisa, 2022 ikawa 45, 2023 ikawa 50, 2024 ikafika 65. Ukiishia hapo utaapa kwamba hii kitu kazi yake ni kupanda tu. Sasa rudi nyuma, 2015 walitoa 17, 2016 ikashuka mpaka 10, 2017 ikawa 5, yani shilingi tano, maana mikopo chechefu, ile isiyolipwa, ilikuwa imekula faida, na mpaka ije irudi 17 ilikuwa ni gawio la 2019. Mwenye hisa 1,000 alizoea elfu 17 akapewa elfu 5, na hapo kodi bado. Sisemi benki mbaya, mimi naiheshimu kwa hilohilo, kwamba hata mwaka mbovu mwanahisa alipata chochote halafu wakainuka. Ila hiyo 65 peke yake haikuoneshi.

Mtu anayenunua chombo cha kuvulia pale Kibirizi haridhiki na dagaa wa usiku mmoja wa giza, anauliza mbalamwezi ikiwaka kinaingiza nini. Kwenye hisa tuulize hivyohivyo, na tuangalie angalau miaka kumi.

Halafu gawio uliweke karibu na faida kwa hisa, yani faida ya mwaka ukiigawa kwa idadi ya hisa zote, iko kwenye ripoti ya mwaka ya kampuni, bure kabisa. Kampuni ikigawa karibu faida yote, mwaka faida ikiyumba na gawio linayumba. Ikigawa zaidi ya faida, mi hapo nasimama kwanza, nataka kujua hela inatoka wapi.

Kodi usiisahau, gawio la kampuni iliyoorodheshwa DSE linakatwa asilimia 5, kwahiyo ile 65 mkononi ni 61.75. Gawanya kwa bei unayonunulia leo, sio bei aliyonunulia jirani yako, ndo ujue unapata asilimia ngapi. Na tarehe ya kufunga daftari la wanahisa, siku wanayoangalia nani ana hisa ili apewe gawio, iangalie mapema, ukichelewa gawio la mwaka huo linaenda kwa aliyekuuzia.