Kombe la Solheim: Mlango Ufunguliwe, au Ijengwe Nyumba Nyingine?

Agosti 2024 ilikuwa ya Lydia Ko. Alitwaa dhahabu ya Olimpiki kule Paris, na kabla mwezi haujaisha akanyanyua kombe la Open ya wanawake kwenye uwanja wa St Andrews, Scotland. Majuma matatu baadaye ikawadia wiki ambayo wapenzi wengi wa gofu ya wanawake huisubiri kuliko zote, wiki ya Kombe la Solheim, safari hii Virginia, Marekani. Ko hakuwepo. Hakuwa majeruhi, wala nahodha hakumwacha. Ko ni wa New Zealand, na Solheim ni pambano la timu mbili tu, Marekani na Ulaya. Jumapili iliyofuata, wachezaji waliporejea kwenye mashindano ya kawaida kule Ohio, mshindi alikuwa Ko huyo huyo.

Ndiyo maana kila kombe hili linapokaribia, swali lile lile hurudi: mbona wengine wamefungiwa nje?

Kombe lilipoanza mwaka 1990, kwenye uwanja wa Lake Nona, Florida, hakuna aliyeuliza. Karsten Solheim, mhandisi mzaliwa wa Norway aliyetengeneza fimbo za Ping, alitaka wanawake nao wapate pambano kama Kombe la Ryder la wanaume, na wakati huo hata Ulaya ilionekana imepewa mzigo mkubwa: ilichapwa pointi 11½ kwa 4½. Miaka minane baadaye Se Ri Pak wa Korea Kusini akashinda US Open ya wanawake, na wasichana wa kwao wakashika fimbo kwa wingi usiowahi kuonekana. Thailand, Japani na China nazo zikaja. Mchezo ukahama, kombe likabaki palepale.

Ukitaka kujua umehama kiasi gani, chukua mwaka 2025. Mashindano makubwa ya wanawake ni matano kwa mwaka. Mao Saigo na Miyu Yamashita wa Japani walichukua moja moja, Minjee Lee na Grace Kim wa Australia nao moja moja. Lililobaki, US Open, lilikwenda kwa Maja Stark wa Sweden. Maana yake, kati ya mabingwa watano wa mwaka ule, ni mmoja tu anayeruhusiwa kucheza Solheim. Mwaka huohuo Jeeno Thitikul wa Thailand alikalia kiti cha kwanza duniani, naye pia yuko nje. Na Inbee Park, mwenye mataji makubwa saba na dhahabu ya Olimpiki ya 2016, hakuwahi kuwa na hata siku moja ya Solheim.

Wanaotaka mlango ufunguliwe wana mfano wa karibu. Ryder lilikuwa la Marekani dhidi ya Uingereza na Ireland hadi 1979, lilipopanuliwa kuingiza Ulaya nzima, na leo hakuna anayetamani ya zamani. Kama wanaume waliweza, kwa nini wanawake washindwe?

Hoja hii ni nzito, nami kwa muda mrefu niliiunga mkono. Kilichonigeuza ni mambo mawili, na la kwanza lina jina la mtu: Suzann Pettersen wa timu ya Ulaya.

Mwaka 2015, St. Leon-Rot, Ujerumani. Shimo la 17, wawili kwa wawili, kila mtu na mpira wake. Katika mchezo wa ana kwa ana mpinzani anaweza kukusamehe mpigo uliobaki ukiwa mfupi mno. Ukisamehewa, unaokota mpira wako na kuondoka. Mpira wa Alison Lee wa Marekani ulipita shimo, ukasimama kama nusu mita hivi. Akadhani amesamehewa, hasa alipomwona Charley Hull wa Ulaya anaondoka, akauokota. Pettersen, mwenzake Hull, akasema hapana, hatukumsamehe. Kwa sheria alikuwa sahihi. Shimo likapotea, na pambano likapotea. Ulaya ikawa mbele kwa pointi 10 dhidi ya 6, lakini Lee alikuwa analia, na hata Hull alikuwa analia. Wamarekani wakaingia mapambano ya mmoja mmoja na hasira ambayo hainunuliwi dukani, wakakusanya pointi 8½ kati ya 12 na kushinda kwa 14½ dhidi ya 13½. Baadaye Pettersen aliomba radhi.

Miaka minne ikapita. Gleneagles, Scotland, 2019. Pettersen ametoka kwenye likizo ya uzazi, hajacheza sana, na wengi walimshangaa nahodha Catriona Matthew kwa kumwita. Kombe lote likaja kuangukia kwenye mpigo wake wa mwisho, mita mbili hivi, shimo la 18. Akauingiza. 14½ kwa 13½, safari hii kwa Ulaya. Papo hapo akatangaza kwamba amestaafu.

Hadithi kama hiyo haitungwi na kamati. Inataka wapinzani wanaokumbukana, na mashabiki wenye kinyongo cha miaka minne. Wachezaji wa Solheim hawachezei zawadi ya fedha, na bado wanalia pale kuliko wanavyolia wakipoteza mamilioni kwingineko. Ukiwaleta watu wa tatu, uhasama huo unaugawa vipi?

Jambo la pili ni gumu zaidi kwa wenye hoja ya mlango: huyo “mwingine” ni timu gani hasa? Mkorea na Mjapani wavae jezi moja wapambane na nani? Lilishajaribiwa. Kombe la Lexus liliikutanisha Asia na timu ya mataifa mengine kuanzia 2005, na la 2008 likawa la mwisho. Kwa wanaume lipo Kombe la Rais, Marekani dhidi ya dunia isiyo Ulaya. Tangu lianze mwaka 1994 hadi duru ya 2024, hiyo “dunia” imeshinda mara moja tu, 1998, na kutoka sare mara moja, 2003. Watu wasio na bendera moja huchukua muda mrefu mno kuwa timu.

Hata mfano wa 1979 ukiutazama vizuri unayumba. Ryder lilipanuliwa kwa sababu upande mmoja ulikuwa unapigwa kila mara. Ilikuwa dawa ya pambano lililokuwa linakufa. Solheim haiumwi ugonjwa huo. Ulaya ilishinda 2011, 2013, 2019 na 2021, ikabaki na kombe kwa sare ya 14 kwa 14 mwaka 2023 kule Hispania, na Marekani ikalirudisha 2024. Mgonjwa yuko wapi? Tena ukiifungua Solheim, wa kwanza kuumia ni ziara ya wanawake ya Ulaya, yaani msururu wa mashindano yao ya mwaka mzima, ambayo imewahi kupita miaka ya ratiba kupukutika na ambayo kombe hili ndilo mali yake kubwa.

Hata hivyo, kusema “waacheni na lao” bila kuwapa wengine chochote ni ukatili. Jibu linalotolewa siku zote ni International Crown, kombe la wanawake la timu za mataifa: nchi nane, wachezaji wanne kila nchi. Limezaa mambo mazuri. Hispania ilishinda la kwanza mwaka 2014, Korea ikalichukua nyumbani 2018, na 2023 Thailand ikaizima Australia 3 kwa 0 kwenye fainali ya San Francisco, dada wawili Moriya na Ariya Jutanugarn wakiwa kikosi kimoja. Australia ikalipata 2025 kwa kuifunga Marekani.

Lakini tazama hiyo miaka: 2014, 2016, 2018, halafu kimya hadi 2023. La 2020 liliondolewa na janga la korona, sawa, ila kombe ambalo shabiki hajui litarudi lini haliwezi kuwa na Pettersen wake. Na kanuni ya wanne inainyima nafasi nchi yenye nyota mmoja. Mwaka 2025 walitafuta kiraka, wakaunda timu ya dunia: Ko, Brooke Henderson wa Kanada, Wei-Ling Hsu wa Taiwan, na Charley Hull yule yule wa St. Leon-Rot. Kiraka kizuri, lakini bado ni timu isiyo na bendera.

Kwa hiyo mimi nasema Solheim iachwe ilivyo, na kelele zote zihamie kwenye Crown: liwe na mwaka wake usiokosa, lipokezane na Solheim, na nchi zilete wawili badala ya wanne. Olimpiki ya Los Angeles 2028 itakuwa na shindano la timu mchanganyiko, mwanamume na mwanamke wa nchi moja, kwa hiyo wazo la wawili si geni.

Wala halijawahi kuwa geni. Lilikuwepo Kombe la Dunia la wanawake, wachezaji wawili kwa kila nchi, likichezwa Afrika Kusini. Mwaka 2007 lilichukuliwa na Paraguay, kwa mikono ya Julieta Granada na Celeste Troche. Mwaka 2008 likachukuliwa na Ufilipino. Tangu hapo halijachezwa tena.