Mkaguzi wa Usalama Aliyejiteua
Nilikwenda kumtembelea bibi yangu, mwenye umri wa miaka 81, nikiwa nimejipa cheo cha mkaguzi wa usalama wa nyumba, cheo ambacho hakuna aliyekiomba. Nilikuwa nimesoma kwamba, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watu wapatao 684,000 hufariki kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, na kwamba waliovuka miaka 60 ndio walio hatarini zaidi, nikaona kumwokoa bibi ni wajibu wangu.

Alasiri nzima nilimhutubia. Malapa yake yaliyolika soli niliyatupa. Nilimweleza kwamba mtu akiinuka ghafla, damu hutelemkia miguuni na kizunguzungu humshika, kwa hiyo aketi kwanza ukingoni mwa kitanda kwa dakika moja hivi kabla ya kusimama. Bafuni nilimkataza katakata kushika chuma cha kutundikia taulo endapo atateleza, kwa kuwa kilifungwa kwa skrubu mbili fupi ili kibebe taulo, si mtu. Mwisho nikalikunja zulia dogo la koridoni, ambalo pembe zake zilikuwa zimeinuka, nikaliegemeza ukutani kando ya mlango wa bafu hadi asubuhi. Bibi alisikiliza yote kwa adabu ya mtu anayesubiri mgeni achoke.

Saa nane usiku nilibanwa na haja ndogo, nikaruka kutoka kitandani nikiwa na soksi, na kizunguzungu kikanipokea mlangoni. Taa sikuwasha, kwani korido ile naijua tangu utotoni. Kumbe zulia lilikwisha kuuchoka ukuta, likaporomoka na kukingama njiani kama gogo. Nilijikwaa, nikaingia bafuni kwa kasi ambayo sikuipanga, soksi zikateleza juu ya vigae, na mkono wangu, bila kuniuliza, ukakamata chuma cha taulo. Kiling'oka chote, pamoja na skrubu zake mbili na bonge la plasta lenye ukubwa wa yai, kisha taulo likanifunika uso taratibu.

Nyonga zilisalimika, kilichovunjika ni cheo.

“Bibi!” niliita.

Kitanda chake kililia mara moja, kikanyamaza.

“Nakuja, mjukuu wangu,” alijibu kwa utulivu. “Naketi kwanza ile dakika uliyonifundisha, kisha nitafute viatu, maana malapa yangu umeyatupa.”

Nilibaki chini ya taulo, chuma mkononi, nikiihesabu dakika hiyo sekunde kwa sekunde.